Novemba 1917: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwezi huu hufundishwa vipande vipande. Anayesoma habari za Urusi hukutana na Lenin, anayefuatilia Palestina hukutana na Balfour, na mwenyeji wa Newala au Masasi huenda alisikia kwa wazee wake habari za Wajerumani waliovuka Ruvuma. Hapa tumeviweka vipande hivyo pamoja, kwa sababu mambo hayo yalipishana kwa siku chache tu, na mara nyingi aliyekuwa akiamua jambo moja hakuwa na habari ya jingine, au habari ilimfikia imekwisha kupitwa na wakati. Tarehe zote ni za kalenda tunayoitumia leo.

Kwa nini "Mapinduzi ya Oktoba" yanatajwa katika Novemba?

Urusi ilikuwa bado inafuata kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma ya kalenda ya Gregori kwa siku 13. Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, ilikuwa tarehe 25 Oktoba, wakati Paris na Nairobi ilikuwa 7 Novemba. Serikali mpya ilibadili kalenda mwanzoni mwa 1918, watu wakalala tarehe 31 Januari na kuamka tarehe 14 Februari. Jina la Oktoba likabaki, ingawa maadhimisho yenyewe yalifanyika kila tarehe 7 Novemba. Ni kwa sababu hiyohiyo "Mapinduzi ya Februari", yaliyomng'oa Tsar (mfalme) Nicholas II, yalitokea Machi 1917. Ukikuta vitabu viwili vinagongana kwa tarehe, angalia kwanza kila mwandishi anafuata kalenda ipi kabla hujamlaumu mmoja wao.

Nini hasa kilitokea Petrograd tarehe 7 Novemba?

Picha iliyo vichwani mwa wengi, ya umati mkubwa ukivamia Kasri la Majira ya Baridi chini ya moto wa mizinga, imetokana zaidi na filamu iliyopigwa miaka kumi baadaye. Usiku wenyewe ulikuwa tofauti. Tangu alfajiri, wanajeshi na wafanyakazi wenye silaha waliokuwa chini ya Kamati ya Kijeshi ya Mapinduzi walikuwa wameshika madaraja, ofisi za simu na telegrafu, stesheni za reli na benki ya taifa, karibu bila kumwaga damu. Kerensky, kiongozi wa Serikali ya Muda iliyoshika nchi baada ya Tsar, aliondoka mjini asubuhi kwa gari kwenda kutafuta askari wa kumtetea. Jioni manowari Aurora ilipiga risasi tupu. Kasri lililindwa na wanafunzi wa uofisa na kikosi cha wanawake, na wengi wa walinzi walikwisha kuondoka hata kabla ya kushambuliwa. Mnamo saa nane usiku mawaziri walikamatwa wakiwa wamekaa kuizunguka meza. Sehemu nyingine za mji tramu zilitembea kama kawaida na kumbi za maonyesho zilikuwa wazi.

Damu ilimwagika Moscow. Huko mapigano yalichukua takriban wiki moja, na mizinga ililenga hadi Kremlin yenyewe.

Usiku uliofuata, tarehe 8 Novemba, Mkutano wa Pili wa Masovieti (mabaraza ya wafanyakazi na askari) ulipitisha Amri ya Amani na Amri ya Ardhi, na kuunda Baraza la Makamishna wa Umma likiongozwa na Lenin. Trotsky alipewa mambo ya nje, na Stalin, ambaye wakati huo hakujulikana sana, akapewa masuala ya mataifa madogo. Msomaji wa Afrika asiipite haraka Amri ya Amani. Ilidai amani bila kunyakua nchi za watu, kisha ikaeleza kunyakua ni nini: ni kulitia taifa dogo ndani ya dola kubwa bila ridhaa yake, liwe liko Ulaya au ng'ambo ya bahari. Kwa maneno hayo, ugomvi wa Waingereza na Wajerumani juu ya Tanganyika ulikuwa ugomvi wa wanyakuzi wawili. Kwa kadiri ninavyojua, hakuna serikali nyingine iliyokuwa vitani wakati huo iliyothubutu kuliandika jambo hilo hivyo.

Je, Wabolsheviki walichaguliwa na wananchi?

Hapana, chama hiki cha Lenin hakikuchaguliwa katika uchaguzi wa nchi nzima. Uchaguzi wa Bunge la Katiba uliokuwa umepangwa na serikali iliyoangushwa uliachwa uendelee, ukaanza tarehe 25 Novemba. Chama cha Wasoshalisti wa Mapinduzi, chenye nguvu vijijini, kilipata takriban asilimia 40 ya kura. Wabolsheviki walipata takriban asilimia 24, wakiwa na nguvu zaidi Petrograd, Moscow na katika majeshi yaliyokuwa karibu na miji hiyo. Bunge lilikutana siku moja tu, tarehe 18 Januari 1918, likaendelea hadi usiku wa manane kisha likafungiwa milango.

Wanawake wa Urusi walipiga kura katika uchaguzi huo kwa haki sawa na wanaume. Wenzao wa Uingereza na Ufaransa, nchi zilizokuwa zikisema zinapigania demokrasia, hawakuwa na haki hiyo bado.

Urusi ilitoka vitani mara moja?

La. Amri ya Amani ilitangazwa kwa mataifa yote, na wakubwa wa Paris na London hawakuijibu. Tarehe 22 Novemba Lenin alimwamuru Jenerali Dukhonin, kaimu amiri jeshi mkuu, kwa njia ya telegrafu aanze mazungumzo na Wajerumani. Dukhonin akakataa, akafukuzwa kazi hapohapo kwenye waya, na siku chache baadaye, tarehe 3 Desemba, akauawa na wanajeshi wenye hasira katika stesheni ya Mogilev. Nafasi yake alipewa Krylenko, aliyekuwa na cheo cha chini kabisa cha uofisa. Mapigano yalisitishwa rasmi katikati ya Desemba na mkataba wa Brest-Litovsk ukatiwa saini Machi 1918. Askari wa kawaida, ambao wengi wao ni wakulima, hawakungoja saini. Walikwisha kusikia kuwa ardhi inagawiwa, na hakuna mkulima anayetaka kuwa mbali siku ya kugawa shamba.

Azimio la Balfour lilisema nini?

Ni barua fupi, maneno 67 kwa Kiingereza, ya tarehe 2 Novemba 1917, kutoka kwa Arthur Balfour, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, kwenda kwa Lord Rothschild, kiongozi wa Wayahudi wa Uingereza. Inasema serikali inaunga mkono kuanzishwa kwa makao ya taifa ya Wayahudi katika Palestina, kwa sharti kwamba haki za kiraia na za kidini za jamii zisizo za Kiyahudi zilizoko huko zisidhurike, wala haki za Wayahudi wanaoishi nchi nyingine.

Isome mara mbili. Waarabu, ambao walikuwa takriban tisa kwa kila wakazi kumi, hawatajwi kwa jina. Wao ndio hizo "jamii zisizo za Kiyahudi". Haki zao za kisiasa hazimo kabisa. Waziri pekee Myahudi aliyekuwa serikalini, Edwin Montagu, aliipinga barua hiyo kwa nguvu zote, akihofia kuwa Wayahudi wataanza kuonekana wageni katika nchi walizozaliwa.

Palestina siku hiyo haikuwa mali ya Uingereza. Ilikuwa sehemu ya dola ya Waturuki wa Osmani, na majeshi ya Jenerali Allenby ndiyo kwanza yalikuwa yameiteka Beersheba, tarehe 31 Oktoba. Waliingia Gaza tarehe 7 Novemba, Jaffa tarehe 16, na Yerusalemu ikasalimu amri tarehe 9 Desemba.

Kwa nini barua iandikwe wakati ule?

Sababu ni nyingi, na wanahistoria bado wanabishana ni ipi iliyopita nyenzake. Wako waliotaka Uingereza iwe na mguu karibu na Mfereji wa Suez bila kugawana sana na Ufaransa. Wako walioamini kwa dhati katika Uzayuni, harakati ya Wayahudi kujipatia taifa lao, wengine kwa sababu za Biblia. Lakini mojawapo iliyosemwa waziwazi katika kikao cha baraza la mawaziri ilikuwa propaganda: walidhani Wayahudi wa Marekani na wa Urusi wana uwezo mkubwa juu ya serikali zao, na kwamba wakifurahishwa wataifanya Urusi ibaki vitani.

Dhana hiyo ilikuwa ya kupindukia tangu mwanzo. Zaidi ya hapo, barua ilitolewa magazetini tarehe 9 Novemba. Serikali ya Urusi iliyokusudiwa kushawishiwa ilikuwa imeshaanguka siku mbili kabla.

Ni kweli kwamba Wazayuni waliwahi kupewa ardhi Kenya?

Walikaribia kupewa. Mwaka 1903, Balfour huyuhuyu akiwa Waziri Mkuu na Joseph Chamberlain akiwa Waziri wa Makoloni, Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kuteswa Urusi eneo la kuishi katika uwanda wa Uasin Gishu. Mpango huo huitwa "mpango wa Uganda", ingawa eneo lenyewe liko Kenya ya leo, upande wa Eldoret. Tume ilitumwa kulikagua, na Mkutano wa Saba wa Wazayuni ukalikataa mwaka 1905. Walowezi wa Kizungu wa Kenya nao walipiga kelele kuupinga. Waliokuwa wakichunga na kuishi katika uwanda huo hawakuulizwa mwaka 1903, kama ambavyo wenyeji wa Palestina hawakuulizwa mwaka 1917. Kwa mtazamo wangu mtu akishajua habari hii, barua ya Novemba 1917 haimshangazi tena. Ilikuwa mazoea ya ofisi.

Mikataba ya siri iliyofichuliwa ni ipi?

Trotsky alipoingia wizara ya mambo ya nje alikuta kabati zenye mikataba ambayo serikali ya Tsar ilikuwa imefungana na washirika wake, na tarehe 23 Novemba ikaanza kuchapishwa magazetini. Humo dunia ikaona jinsi nchi zilivyogawanywa kabla hazijatekwa: Constantinople kwa Urusi, sehemu za pwani ya Adriatiki kwa Italia, na nchi za Waarabu kati ya Uingereza na Ufaransa, kama wajumbe wao, Sykes na Picot, walivyokubaliana mwaka 1916. Gazeti la Manchester Guardian liliyachapa kwa Kiingereza siku chache baadaye.

Sharif Hussein wa Makka, aliyewaasi Waturuki mwaka 1916 kwa ahadi ya dola huru ya Waarabu, hakuwa ameelezwa hivyo. Waturuki hawakukawia kumpelekea habari.

Na huko Ulaya, vita vilikuwa vimefika wapi?

Vilikuwa vimekwama kwenye matope. Vita vya Passchendaele, huko Ubelgiji, vilivyoanza tarehe 31 Julai, vilisimama tarehe 10 Novemba baada ya Wakanada kukiteka kijiji chenyewe tarehe 6. Walikuta kifusi. Wakanada peke yao walipoteza takriban watu 15,600, waliokufa na waliojeruhiwa, kwa sababu ya kilomita chache za udongo ambazo Wajerumani walizirudisha mwaka uliofuata.

Italia ilikuwa katika hali mbaya zaidi. Baada ya kuvunjwa Caporetto kuanzia tarehe 24 Oktoba, jeshi lake lilirudi nyuma hadi mto Piave, na zaidi ya watu 250,000 wakatekwa. Jenerali Cadorna akaondolewa na Armando Diaz akashika nafasi yake. Mawaziri wakuu wa Uingereza, Ufaransa na Italia walikutana Rapallo kuunda Baraza Kuu la Vita, na walikubaliana juu yake tarehe 7 Novemba. Wakati wanajadili namna ya kuiokoa Italia, Urusi ilikuwa inawaponyoka, nao hawana habari.

Ufaransa ilipata Waziri Mkuu mpya tarehe 16 Novemba, Georges Clemenceau, mzee wa miaka 76, ambaye aliliambia bunge kuwa kazi yake ni vita na si kingine.

Cambrai inatajwa sana kwa sababu ya vifaru. Tarehe 20 Novemba Waingereza walipeleka vifaru 476, kwa mara ya kwanza kwa wingi namna hiyo, wakapenya ngome za Wajerumani ndani ya saa chache. Tarehe 23 kengele za makanisa zikapigwa Uingereza kwa furaha. Tarehe 30 Wajerumani wakashambulia na kurudisha sehemu kubwa ya eneo walilonyang'anywa. 

Kwa nini Wajerumani walikimbilia kusini mwa Tanganyika?

Kufikia mwisho wa 1916 reli zote mbili, ya Tanga na ya Kati, zilikuwa mikononi mwa Waingereza, na Wabelgiji walikuwa wameingia Tabora wakiwa na askari wao kutoka Kongo. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alibakiwa na kusini tu. Mwezi Oktoba 1917, kati ya tarehe 15 na 18, alipigana Mahiwa, bara ya Lindi, vita vikali kuliko vyote vya kampeni ile. Kwa upande wa Waingereza, ambao askari wao wengi walikuwa Wanaijeria na wa King's African Rifles (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), watu takriban 2,700 walikufa au kujeruhiwa, zaidi ya nusu ya waliopigana. Wajerumani walipoteza kama 500. Kwa hesabu ya maiti walishinda, ila risasi ziliwaishia, na askari waliowapoteza hawakuwa na wa kuwajaza.

Wakapanda uwanda wa Wamakonde. Huko, tarehe 17 Novemba mahali paitwapo Nambindinga, Lettow-Vorbeck aliamua kuwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na wote ambao hakuwa na risasi au kwinini ya kuwapa. Mamia ya Wazungu na mamia ya askari Waafrika waliachwa wakamatwe. Walioendelea walikuwa Wazungu wapatao 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000, pamoja na wanawake na watoto waliofuatana na askari. Wakapita Newala, wakashuka bonde la Ruvuma.

Habari ya zeppelin iliyotumwa Afrika Mashariki ni kweli au hadithi?

Ni kweli, na ndiyo sehemu ya mwezi huu inayoulizwa kuliko zote.

Wajerumani walitengeneza chombo cha angani kiitwacho L59, urefu wa mita 226 na nusu, kilichojazwa gesi ya haidrojeni. Kiliondoka Jamboli, nchini Bulgaria, tarehe 21 Novemba chini ya Kapteni Ludwig Bockholt, kikibeba karibu tani 15 za shehena: bunduki za rashasha, risasi, dawa na vifaa vya hospitali. Hakikukusudiwa kurudi. Kusini mwa Tanganyika hakukuwa na haidrojeni ya kukijaza upya, kwa hiyo kila kipande kilipangiwa kazi: kitambaa kishonwe mahema na nguo, vyuma vijengewe mnara wa redio, na wanamaji wake wawe askari.

Kilipita juu ya Uturuki, kikavuka bahari hadi Misri, kikafuata jangwa la Sudan. Joto la mchana liliitanua gesi na baridi ya usiku ikaisinyaza, chombo kikawa kinapanda na kushuka ovyo, na injini moja ikafa. Usiku wa kuamkia tarehe 23, kikiwa magharibi ya Khartoum, kikapokea amri ya redio kutoka Ujerumani: rudi, Lettow-Vorbeck amepoteza uwanda wa Makonde. Bockholt akageuza. Alitua Jamboli tarehe 25 Novemba, akiwa amekaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757 bila kutua.

Husimuliwa sana kwamba Waingereza ndio waliotuma amri hiyo kwa hila. Hadithi nzuri, lakini amri ilitoka kwa wakubwa wa Bockholt wenyewe. Habari waliyoitegemea ilikuwa na ukweli nusu. Uwanda ulikuwa umepotea kweli. Jeshi lilikuwa hai. Na Lettow-Vorbeck mwenyewe, asiyekuwa na redio ya kuongea na Ujerumani, hakujua kuwa kuna chombo kinamjia wala kuwa kimerudi.

Kilichotokea Ngomano ni nini?

Siku ileile L59 inatua Bulgaria, tarehe 25 Novemba, Wajerumani walivuka Ruvuma na kuivamia ngome ya Wareno ya Ngomano, pale mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Wareno walikuwa na mamia ya askari, wengi wao wapya wasio na mazoezi, na kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa mapema. Ngome ikaanguka siku hiyohiyo.

Shehena iliyopatikana humo ilikuwa karibu ileile iliyorudishwa Bulgaria: bunduki za kisasa, rashasha, robo milioni hivi ya risasi, dawa, chakula, hata farasi. Askari wengi walikuwa bado wanatumia bunduki za mwaka 1871 zinazotoa moshi mkubwa, ukifyatua unajionyesha ulipo. Wakazitupa.

Si wote waliofika. Kapteni Tafel, aliyekuwa akishuka na kikosi kikubwa kutoka Mahenge kuja kuungana na mkubwa wake, alipita karibu bila kujua, akakosa chakula, na tarehe 28 Novemba akasalimu amri kwa Waingereza.

Lettow-Vorbeck alikuwa shujaa?

Vitabu vingi vya Ulaya humsifu kuwa hakushindwa. Kwa ufundi wa vita, alikuwa hodari, hakuna ubishi. Ukiuliza jeshi lake lilikula nini kwa miaka minne bila kuletewa chakula cha kutosha kwa meli, sifa zinapungua. Lilikula ghala za wanakijiji, na wanaume wa vijiji hivyo wakafungwa kamba kubeba mizigo. Waingereza waliokuwa wakimfuata walikula kilichosalia.

Wapagazi walikuwa nani, na wangapi?

Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara hazikuwako, na magari yalizama msimu wa mvua. Basi kila debe la unga na kila sanduku la risasi lilipanda kichwani mwa mtu, uzito wa kilo 25 hivi. Watu waliobebeshwa mizigo kwa upande wa Waingereza na Wabelgiji, kutoka Kenya, Uganda, Zanzibar, Nyasaland, Rhodesia, Kongo na Tanganyika yenyewe, walikaribia milioni moja kwa kipindi chote. Mwaka 1917 ulikuwa mbaya kupita yote: huko Kenya serikali iliendesha msako wa watu chini ya John Ainsworth, na zaidi ya wanaume 100,000 wakachukuliwa kwa miezi michache. Mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi, ilikuwa kambi zao.

Waliokufa kwa upande wa Waingereza wanakadiriwa kukaribia 100,000. Risasi ziliua wachache. Wauaji walikuwa kuhara damu, nimonia na malaria. Watu waliozoea ndizi, kama wale wa Buganda, walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka kwa kukosa kuni na muda, ukawakata matumbo. Upande wa Wajerumani hawakuwekewa hata daftari la kutosha la kuwahesabu.

Raia ambao hawakuchukuliwa walinusurika?

Wengi hawakunusurika. Ugogo ulikumbwa na njaa ya Mtunya kuanzia 1917 hadi 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalipitia Dodoma, yakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kulima, kisha mvua zikakosa. Mwishoni mwa 1918 ikafuata homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Kwa Wagogo, Novemba 1917 haikuwa mwezi wa Lenin wala wa Balfour.

Kulikuwa na mapinduzi yoyote Afrika mwaka huo?

Kulikuwa na uasi mkubwa Msumbiji. Wabarue, upande wa Tete katika bonde la Zambezi, waliinuka Machi 1917, mwezi uleule Tsar alipoanguka, kwa sababu Wareno waliwakamata watu kwa nguvu wakawe wapagazi wa vita dhidi ya Wajerumani. Makabila jirani yaliwaunga mkono. Wareno waliuzima kwa ukatili, na mapigano madogo yakaendelea muda mrefu. Ndiyo maana Wajerumani walipoingia kaskazini ya Msumbiji, wenyeji kadhaa hawakuona sababu ya kuwatetea Wareno.

Marekani ilikuwa inafanya nini?

Ilikuwa vitani tangu Aprili, lakini askari wake ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuingia mahandakini. Watatu wa kwanza kufia humo waliuawa tarehe 3 Novemba. Nyumbani, wanaume wa jimbo la New York walipiga kura tarehe 6 kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, na usiku wa tarehe 14 wanawake waliofungwa kwa kusimama na mabango mbele ya Ikulu ya Washington walipigwa na askari magereza huko Occoquan, Virginia.

Mataifa gani yalizaliwa mwezi huo?

Hakuna lililopata uhuru kamili ndani ya siku hizo 30. Ukraine ilijitangaza jamhuri tarehe 20 Novemba, ikiwa bado ndani ya shirikisho la Urusi. Bunge la Finland lilijipa madaraka yote tarehe 15, na uhuru ukatangazwa tarehe 6 Desemba. Baraza la Estonia likachukua madaraka tarehe 28.

Kampeni ya Afrika Mashariki iliisha lini?

Mwanzoni mwa Desemba 1917 Waingereza walitangaza kuwa Tanganyika imesafishwa. Lettow-Vorbeck alizunguka Msumbiji miezi kumi, akarudi Tanganyika Septemba 1918, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Habari ya kusitishwa kwa vita Ulaya, tarehe 11 Novemba 1918, ilimfikia siku mbili baadaye karibu na Kasama. Alisalimu amri rasmi Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano.

Wapagazi walilipwa?

Waliorudi walilipwa, kwa viwango vilivyopunguzwa katikati ya vita. Waliokufa ndio wenye mgogoro. Wengi waliandikishwa kwa majina yaliyokosewa, bila kijiji wala baba, kwa hiyo jamaa zao hawakupatikana na mishahara ikabaki haijachukuliwa. Maofisa kadhaa wa Kenya walishauri fedha hizo zitumike kwa manufaa ya jamii walikotoka. London ilikataa.

Mnara wa Askari wa Dar es Salaam, uliozinduliwa 1927, una mtu mmoja aliyeshika bunduki. Ule wa Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, una watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.